Lakshmana, Bharata, Vibhishana au Kumbhakarna: kisa kipi cha udugu ukichague?

Anayetafuta kisa kimoja cha mapenzi ya ndugu katika tenzi kuu za Kihindu husumbuliwa na wingi wake. Ramayana ya Valmiki peke yake, yenye beti zipatazo 24,000 katika vitabu saba, ina ndugu wanaofuatana msituni, ndugu wanaosukumiana kiti cha enzi kila mmoja akikikataa, ndugu wanaouana kwa ajili ya ufalme na ndugu anayehamia upande wa adui. Mahabharata inaongeza Wapandava, ndugu watano, na binamu zao mia moja. Mwalimu mwenye kipindi kimoja, mzazi mwenye jioni moja, mzee aliyeombwa kusema neno katika kikao cha ukoo au mtu anayetunga mchezo wa jukwaani hawezi kuvibeba vyote. Akichagua kwa kufuata umaarufu tu, atasimulia kisa kizuri mbele ya watu ambao hakiwahusu.

Hapa tunawalinganisha ndugu wanne wa Ramayana: Lakshmana na Bharata, wadogo zake Rama wa Ayodhya, kisha Vibhishana na Kumbhakarna, wadogo zake Ravana wa Lanka. Wote wanne ni wadogo, na hilo si jambo la bahati, kwa sababu katika tenzi hizi deni la udugu humwelemea mdogo kuliko mkubwa. Ndiyo maana karibu na mwisho nimemwingiza kwa ufupi Yudhishthira wa Mahabharata, mkubwa wa Wapandava, kwa ajili ya wale wanaotaka kuona kaka mkubwa naye akidaiwa.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni kile alichotoa kila mmoja, kitajwe kwa jina lake, maana wote husifiwa kuwa walitoa kila kitu na sifa ya namna hiyo haimsaidii mchaguaji. Cha pili ni jinsi anavyotenda kaka yake anapokosea, au anapoamini kuwa amekosea. Kwa maoni yangu hiki ndicho kizito kupita vyote, kwa kuwa kumpenda ndugu asiye na kosa hakumsumbui mtu. Cha tatu ni nani mwingine aliyelipa gharama ya mapenzi hayo: mke, mama, watoto, raia. Cha nne ni wepesi wa kukisimulia, yaani urefu wake, utangulizi unaohitajika na hatari ya kueleweka vibaya. Baada ya hayo nitasema kila kisa kinamfaa nani.

Msingi wa ulinganisho ni Ramayana ya Valmiki. Pale nitakapochukua jambo kutoka kwa Kamban, aliyetunga kwa Kitamil katika karne ya 12, au kwa Tulsidas, aliyetunga kwa Kiawadhi katika karne ya 16, nitamtaja, kwa sababu wasimulizi wengi huchanganya matini hizi halafu wakabishana bure.

Kwa asiyekijua kisa, mwanzo wake ni huu. Mfalme Dasharatha wa Ayodhya ana wake watatu: Kausalya aliyemzaa Rama, Kaikeyi aliyemzaa Bharata, na Sumitra aliyewazaa pacha, Lakshmana na Shatrughna. Mkesha wa Rama kutawazwa kuwa mrithi, Kaikeyi, akichochewa na mtumishi wake Manthara, anadai ahadi mbili alizopewa zamani na mumewe: Bharata atawazwe, na Rama akaishi msituni miaka 14. Dasharatha hawezi kuvunja neno lake, na Rama hakubali baba yake alivunje. Huko msituni Ravana anamteka Sita, mke wa Rama, na Rama anavuka bahari kwenda kupigana naye Lanka.

Lakshmana, aliyefuata

Alichotoa. Lakshmana hakufukuzwa na mtu. Hukumu ilimtaja Rama peke yake, naye akaiacha kasri, mama yake na mke wake ili amfuate kaka na shemeji yake Sita. Kinachokipa kisa chake uzito ni namna anavyoiomba nafasi hiyo, kwa kuwa badala ya kuapa kwamba yuko tayari kufa anataja kazi atakazozifanya: atatangulia njiani na upinde wake, akiwa amebeba sepetu na kikapu, atawachimbia mizizi na kuwatafutia matunda, na kila shughuli itakuwa juu yake, Rama awe macho au awe amelala. Kwenye ukingo wa mto Ganga, mwenyeji wao Guha, mkuu wa Wanishada, anamwonyesha mahali alipoandaliwa kulala na kuahidi kulinda yeye na watu wake. Lakshmana anakataa, akisema hawezi kupata usingizi huku Rama na Sita wamelala chini kwenye ardhi. Kule Chitrakuta, mlimani walikokaa kwanza, ni yeye anayejenga kibanda. Maneno ambayo mama yake alimuagia yanatosha kuwa kisa kizima: mwone Rama kuwa ndiye Dasharatha, mwone Sita kuwa ndiye mimi, uone msitu kuwa ndio Ayodhya, nenda salama mwanangu.

Kaka anapokosea. Hapa Lakshmana ana pande mbili, na msimulizi asifiche hata mmoja kati yake. Kwa ulimi ni mkali kuliko ndugu zake wote. Habari za hukumu zilipofika, alitaka kiti kitwaliwe kwa nguvu na hata baba yao ashughulikiwe kama adui. Alipoliona jeshi la Bharata kutoka juu ya mti kule Chitrakuta, alisema atamuua Bharata siku hiyo hiyo. Rama alipovutwa na paa wa dhahabu, Lakshmana ndiye aliyeonya kwamba ule ni ujanja wa Maricha, mshirika wa Ravana. Kwa mkono, hata hivyo, anatii kila mara. Katika kitabu cha saba Rama anamwagiza ampeleke Sita, naye ni mjamzito, akamwache karibu na maskani ya watawa kwa sababu ya maneno ya watu mjini. Lakshmana analia, kisha anafanya alivyoagizwa. Ulimi wake ulipinga mambo mengi, lakini kwa hili, lililohitaji kupingwa kuliko yote, aliumia tu.

Aliyelipa. Mke wake Urmila alibaki Ayodhya miaka yote 14, na Valmiki karibu hasemi neno juu yake. Wanawake wa Kitelugu waliliziba pengo hilo kwa nyimbo zinazosema kuwa Urmila aliuchukua usingizi wa mumewe na kulala kwa ajili yao wote wawili ili yeye aweze kukesha. Ukikisimulia kisa hiki mbele ya wake za watu bila kumtaja Urmila, tarajia swali.

Wepesi wa kusimulia. Matukio ni mengi na yanashikika, lakini yametawanyika katika vitabu vyote, kwa hiyo msimulizi lazima akate. Mstari aliouchora Lakshmana ardhini kumkinga Sita, ambao kila mtu anaujua, haumo katika Valmiki. Kuusimulia si kosa, ila usidai kuwa ndivyo matini ya kale isemavyo. Kipande kifupi kinachofaa kuliko huo ni cha mapambo ambayo Sita aliyadondosha alipokuwa akitekwa. Rama anamwomba mdogo wake ayatambue. Lakshmana anajibu kwamba vikuku havijui wala herini hazijui, ila furungu za miguuni anazijua, kwa sababu kila siku alikuwa akiinama miguuni pake kumwamkia.

Kinamfaa nani. Kinamfaa anayetaka kuheshimu huduma isiyoonekana: anayemuuguza ndugu, anayemsomesha mdogo wake kwa mshahara mdogo, anayebeba mzigo huku sifa zikienda kwa mwingine. Watoto nao hukipenda. Hakimfai sana mtu ambaye tayari hawezi kumkatalia kaka yake jambo lolote.

Bharata, aliyerudisha

Alichotoa. Bharata alipewa ufalme halali, kwa neno la baba yake, na yeye hakuwa ameuomba. Mambo yalipotokea alikuwa Kekaya kwa ujombani, na aliporudi alimkuta baba yake ameshakufa kwa huzuni na mama yake akimpa habari kwa furaha, akidhani amemletea mema. Alimkaripia mama yake kwa maneno ambayo ni magumu kuyasoma hata leo. Kausalya alimshuku, kama ambavyo mama yeyote wa aliyefukuzwa angemshuku aliyefaidika, na Bharata akamjibu kwa mfululizo mrefu wa viapo, akiita laana moja baada ya nyingine impate mtu yeyote aliyeridhia kufukuzwa kwa Rama. Kisha alitoka na jeshi, mawaziri, wakuu wa dini na mama zake wote watatu kwenda msituni kumrudisha kaka.

Kaka anapokosea. Bharata aliamini kuwa Rama anakosea kukataa kurudi, na jinsi alivyolishughulikia jambo hilo ndiyo sababu ninakiona kisa hiki kuwa tajiri kuliko vingine vitatu kwa mtu anayeshughulika na migogoro ya familia. Alizungumza hadharani, mbele ya mashahidi, wala hakupeleka ujumbe wa chinichini. Alitoa hoja ya sheria, ya desturi na ya uwezo, akisema kuwa yeye mdogo hawezi kubeba anachoweza mkubwa. Hoja ziliposhindwa alitandika majani makavu mbele ya kibanda akatangaza kuwa atalala pale bila kula mpaka Rama akubali, na Rama akamwambia kwamba njia hiyo haimpasi mtu wa ukoo wa wafalme. Bharata aliinuka. Hapo ikapatikana njia ambayo haikuvunja neno la mtu: Rama akanyage jozi ya viatu vilivyopambwa kwa dhahabu, ambavyo wachoraji wengi huvionyesha kama mitalawanda, kisha viatu hivyo vitawale. Bharata aliviweka kichwani, akarudi navyo, akaviweka kwenye kiti cha enzi, na yeye mwenyewe akaishi nje ya mji, katika kijiji cha Nandigrama, akiwa na nywele zilizosokotana na nguo za magome ya miti kama za kaka yake. Kila jambo la serikali alilitaja kwanza mbele ya viatu. Alikuwa pia ameweka sharti: miaka 14 ikitimia na Rama asionekane, ataingia motoni.

Kuna kipande kimoja cha kitabu cha sita ambacho wasimulizi wengi hukiruka, nami naona ni hasara. Vita vimekwisha, Rama yuko njiani kurudi, naye anamtuma Hanuman, nyani aliye mjumbe wake, atangulie kwa Bharata na kumwagiza amtazame vizuri anapoipokea habari: sura yake, macho yake, mwenendo wake. Rama anasema wazi kwamba ufalme wa urithi, uliojaa mali, unaweza kumgeuza moyo mtu yeyote, na kwamba kama Bharata anautaka, basi autawale. Baada ya miaka 14 ya viatu vilivyoketi kwenye kiti, bado swali lilikuwepo. Hanuman alimkuta Bharata amekonda, amevaa ngozi na magome, na habari ilipomfikia alianguka kwa furaha. Walipokutana, Bharata alimvalisha kaka yake viatu kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatoa hesabu: hazina, ghala na jeshi, vyote vimeongezeka mara kumi, tafadhali kagua.

Aliyelipa. Mama yake. Bharata alisema kwamba kama asingeogopa hasira ya Rama angemuua Kaikeyi, na ingawa Rama alimsihi amtunze, jina la mwanamke huyo halikupona tena. Mke wake Mandavi amesahaulika hata zaidi ya Urmila, na Shatrughna, aliyebaki pembeni yake muda wote, hana anayemkumbuka. Raia wa Ayodhya, kwa upande mwingine, hawakulipa chochote, na hilo lihesabiwe kwa faida ya Bharata.

Wepesi wa kusimulia. Ni rahisi sana. Kina mwanzo, ubishi, kitu cha kushikwa mkononi na mwisho ulio wazi. Mjini Varanasi, siku inayofuata Dussehra, sikukuu ya ushindi wa Rama, umati mkubwa hukusanyika katika uwanja wa Nati Imli kutazama dakika chache tu za mchezo: jua likielekea kuzama, wale ndugu wanakimbiliana na kukumbatiana, na watu wametosheka. Tulsidas naye alimpa Bharata nafasi kubwa katika kitabu chake cha Ayodhya. Wahindu wengi, wakiwemo walioko Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, huzihusisha taa za Diwali na kurudi huko kwa Rama, kwa hiyo baadhi ya wasikilizaji watakuwa wameuona mwisho wa kisa kabla hujauanza.

Kinamfaa nani. Kinamfaa yeyote aliyejikuta na fungu asilolitafuta: aliyeandikwa peke yake kwenye hati ya shamba, anayekaimu nafasi ya mwenzake, mtoto aliyependelewa na mzazi. Lakini kina sharti moja: asimuliwe aliyepata, kabla ya aliyekosa. Ukimsimulia aliyenyang'anywa habari za Rama aliyekubali kimya kimya, umemsaidia mnyang'anyi.

Vibhishana, aliyeondoka

Alichotoa. Ravana, mfalme wa Lanka, amemteka Sita na hataki kumrudisha. Mdogo wake wa mwisho, Vibhishana, anaacha Lanka, jamaa na mali, akavuka bahari na wenzake wanne tu kwenda kujisalimisha kwa adui wa kaka yake. Anatoa pia jina lake, ambalo hakulipata tena kikamilifu.

Kaka anapokosea. Hakukimbilia kuondoka. Hanuman alipokamatwa Lanka na Ravana akaamuru auawe, Vibhishana alisimama barazani akasema mjumbe hauawi. Alishauri mara kadhaa Sita arudishwe kwa heshima, akatukanwa mbele ya watu kuwa ni jamaa mwenye kijicho, na ndipo akatoka. Kambini kwa Rama, Sugriva, mfalme wa nyani na mshirika wa Rama, alitaka auawe kama jasusi. Rama akasema kwamba yeyote anayemjia hata mara moja akiomba hifadhi atapewa usalama, hiyo ndiyo ahadi yake.

Kwa haki ya msomaji, doa nalo litajwe. Vibhishana alitawazwa kuwa mfalme wa Lanka, kwa maji ya bahari, kabla vita havijaanza. Hakuna kinachoonyesha kwamba alihama kwa tamaa, lakini mtu aliyefaidika na anguko la kaka yake hana budi kuulizwa, na Valmiki anamwachia mwana wa Ravana, Indrajit, aulize. Indrajit anamwona baba yake mdogo akiwaongoza maadui hadi mahali pake pa siri pa kafara, naye anamwambia kwamba jamaa asiye na sifa ni bora kuliko mgeni mwenye sifa, kwa maana mgeni hubaki kuwa mgeni. Vibhishana anajibu kuwa kupora mali ya watu, kushika wake za watu na kuwashuku marafiki ni makosa matatu yanayoangamiza, na kwa hayo amemwacha kaka yake. Ni jibu zuri. Muda mfupi baadaye, hata hivyo, anakiri kwamba anataka kumpiga mtoto huyu wa kaka yake lakini machozi yanamziba macho, basi Lakshmana ndiye ammalize.

Aliyelipa. Lanka nzima: mtoto wa kaka yake, askari, wajane. Ravana alipoanguka, Vibhishana alimlilia, kisha akasita kumfanyia mazishi mtu mwovu namna ile. Rama ndiye aliyemsukuma, akisema uadui huishia kwenye kifo, afanyiwe mazishi ya heshima, sasa ni ndugu yangu kama alivyo wako.

Wepesi wa kusimulia. Ni kigumu, kwa sababu wasikilizaji hugawanyika. Kaskazini mwa India kuna methali inayosema kuwa anayeijua siri ya nyumba ndiye anayeiangusha Lanka, nasi kwetu tuna ile ya kikulacho ki nguoni mwako. Kusini, Wavaishnava wa desturi ya Srirangam, waabudu wa Vishnu wanaomwona Rama kuwa ni Mungu aliyeshuka, wanakichukua kitendo hicho hicho kuwa mfano bora wa mja anayekimbilia hifadhi ya Mungu. Msimulizi ajue mapema anazungumza na kundi lipi.

Kinamfaa nani. Kinamfaa mtu anayejua ovu la ndugu yake na ambaye ameshasema ndani, akarudia, akafukuzwa. Kwa ambaye bado hajasema hata mara moja ndani ya nyumba, kisa hiki kitampa ruhusa ambayo Vibhishana mwenyewe hakujipa.

Kumbhakarna, aliyebaki

Alichotoa. Uhai wake, akijua kabisa kuwa anautoa bure. Huyu ni lile jitu linalolala miezi sita na kuamka siku moja. Vita vilipoielemea Lanka, walimpigia ngoma na baragumu, wakampitishia tembo mwilini, wakamrundikia nyama, mpaka akaamka.

Kaka anapokosea. Anafika barazani na jambo la kwanza ni kumwambia Ravana kwamba haya yalipaswa kufikiriwa kabla ya kutendwa. Ravana anakasirika. Kumbhakarna anatulia, anasema amesema kwa ajili ya udugu na atapigana kwa ajili ya udugu, kisha anatoka kwenda kufa. Kamban aliongeza onyesho lisilokuwemo katika Valmiki: Vibhishana anakuja uwanjani kumsihi kaka yake ahame kama yeye, na Kumbhakarna anamjibu kwamba hatautamani uhai ulio kama mchoro juu ya maji na kumwacha yule aliyemlea siku nyingi, tena aliyempamba kwa vita kwa mikono yake. Anamwambia mdogo wake aende alikochagua, kwa kuwa kwake ni sawa. Na akiwa anakufa, katika utenzi huo huo wa Kamban, ombi lake kwa Rama ni kwamba amlinde Vibhishana.

Aliyelipa. Askari wa Rama aliowaua kwa makundi, na wanawe wawili, Kumbha na Nikumbha, waliokufa vitani baada yake. Ravana naye alipata nguvu ya kuendelea na kosa lake, jambo ambalo wapenzi wa kisa hiki hawapendi kulisikia.

Wepesi wa kusimulia. Nusu ya kwanza huwachekesha watoto bila taabu. Nusu ya pili inahitaji watu wazima na utulivu, na ni heri isomwe kwa toleo la Kamban.

Kinamfaa nani. Kinamfaa aliyebaki na ndugu aliyepotea akiwa anajua kuwa amepotea: mama wa mfungwa, kaka wa mlevi. Hakifai katika hadhara ya siasa au ya ukabila, ambako uaminifu wa namna hii tayari unahubiriwa kupita kiasi.

Na mkubwa je?

Yudhishthira hakai vizuri chini ya vichwa vya hapo juu, kwa sababu yeye ndiye kaka anayekosea: aliwapoteza wadogo zake, akajipoteza na mwenyewe, kisha akampoteza mke wao Draupadi, yote katika mchezo wa dadu. Lakini baadaye, wakiwa msituni, wadogo zake wanne wanaanguka wafu kando ya ziwa kwa kunywa maji kabla ya kujibu maswali ya yaksha, pepo anayelilinda. Yeye anajibu, na anaambiwa achague mmoja afufuliwe. Angeweza kumtaka Bhima mwenye nguvu au Arjuna mpiga mishale, aliowahitaji kwa vita vilivyokuwa vinakuja. Anamtaja Nakula, mtoto wa mama mdogo Madri, kwa sababu yeye mwenyewe yuko hai kwa upande wa mama yake Kunti, na Madri naye abakiwe na mwana. Wote wanafufuliwa. Kisa kinasimulika kwa dakika kumi na hakihitaji utangulizi mrefu.

Uchague kulingana na hali yako

Kama wasikilizaji ni watoto wa rika mchanganyiko, anza na Lakshmana wa sepetu na kikapu, au kuamshwa kwa Kumbhakarna, na uishie hapo. Usiwavute hadi kwenye kitabu cha saba.

Kama ni kikao cha mirathi, chukua Bharata, na hakikisha aliyeshika hati yupo chumbani. Ikiwa watoto ni wa mama tofauti, Yudhishthira kwenye ziwa atafanya kazi zaidi, kwa sababu hamtukani mama wa mtu. Kuna methali isemayo ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Msemaji wa nje ya ukoo aikumbuke, aseme kisa chake na akae chini.

Kama mtu amekujia faraghani kwa sababu ndugu yake anaiba, anapiga au anadhulumu, usimpe kisa kimoja. Msomee Vibhishana na Kumbhakarna pamoja, uanze na kile kinachopingana na uamuzi ambao tayari ameuelekea. Pale ambapo kuna mtu anayeumizwa sasa hivi, mimi naegemea upande wa Vibhishana, kwa kuwa Sita alikuwa bado yuko bustanini amefungiwa wakati Kumbhakarna anaaga kwa heshima.

Kama ni darasa la fasihi au mdahalo, maneno ya Indrajit na jibu la Vibhishana yanatosha kwa kipindi kizima. Wagawe wanafunzi pande mbili, kisha wabadilishane.

Kama ni msiba wa ndugu, hakuna kisa kati ya hivi vinne kinachofaa kusimuliwa kizima. Chukua mistari michache ya kitabu cha sita, pale Lakshmana amelala bila fahamu kwa mkuki wa Ravana na Rama anasema kwamba mke anaweza kupatikana kila nchi na jamaa wanaweza kupatikana kila nchi, ila haioni nchi ambako atampata ndugu wa kuzaliwa naye. Wake waliopo msibani watainua kichwa kwa sehemu ya kwanza ya maneno hayo, kwa hiyo isome polepole, na ukumbushe kuwa aliyeyasema alikuwa amevuka bahari na kupigana vita kwa ajili ya mke wake.